Nilimwacha Ndinda aweke namba fupi, na Tseikuru wakarudi nyumbani mikono mitupu

Wakuu, salamu kutoka Kitui.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huwa napita, nacheka, naenda zangu. Leo nimeshindwa kupita. Nitakayoandika yalitokea, na mimi ndiye mbaya ndani yake, kwa hiyo msidhani nimeyapamba.

Kuna uzi wa vijana wanabishana kuhusu script. Mmoja anasema program yake ilikuwa inakokota miguu, akatangaza types, yaani aina ya kila kitu, sehemu nzito akaitoa kwenye script akaiandika kwa native code, lugha ya mashine yenyewe, sasa inaruka, na code ameiweka hapo wote waione. Wenzake wanampa hongera.

Nilisoma comments zote. Nikafunga simu nikatoka kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuhitaji kuangaliwa.

Hayo mambo niliyaona kwa macho yangu miaka ya tisini mwanzoni, kabla wengi wenu hamjazaliwa. Sikuyaona vizuri kwa sababu nilikuwa na wivu.

Tuanze.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya misaada ya kanisa moja hapa Kitui town, jina nalihifadhi. Ukame ulikuwa umekaa vibaya, na ofisi ilikuwa inagawa mahindi na maharagwe kwa familia za Kanyangi, Matinyani, mpaka kule mbali Tseikuru.

Tulikuwa na kompyuta moja, 386, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kama redio ya nyumbani. Kuingia kile chumba ulivua viatu mlangoni. Hata Reverend Muli, mkubwa wetu, alivua. Mtu pekee aliyekuwa na ruhusa ya kuondoa kile kitambaa ni mimi.

Nilikuwa nimepelekwa kozi ya miezi sita Nairobi, nikarudi na cheti na program niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya BASIC. Watu waliniita Daktari. Mama wa jikoni alikuwa akipakua muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, sahani yangu inapata nyama kipande kimoja zaidi. Mnacheka, lakini mtu huzoea kile kipande.

Sasa kazi ya program yenyewe ilikuwa hivi.

Kila familia ilikuwa na kadi yenye namba. Vitabu vya kadi vilitoka na namba zimeshachapishwa, kuanzia moja kwenda juu, vikagawiwa wazee wa kanisa waende kuandikisha vijijini. Tatizo ni kwamba wengine waliandikisha mara mbili, baba huku, mama kule. Chakula kikiisha kabla ya kufika mwisho wa orodha, anayelala njaa ni yule wa mwisho.

Kwa hiyo program inachukua kila kadi, inaangalia namba ya kitambulisho cha mwenye nyumba, inalinganisha na kadi nyingine zote. Ikikuta amerudia, inamtoa. Halafu inaprint orodha. Pale uwanjani sheria ilikuwa moja: jina halipo kwenye orodha, hupewi kitu.

Program yangu ilichukua siku mbili na nusu kumaliza.

Stima ikipotea katikati, unaanza upya. Kuna wakati tulianza upya mara tatu na madereva wako nje wanacheza draft kwa vifuniko vya soda. Hakuna aliyenilaumu. Walidhani kompyuta ndivyo zilivyo, na mimi niliwaacha waendelee kudhani.

Halafu akaja Ndinda.

Ndinda alikuwa msichana wa miaka ishirini na tatu hivi, mtu wa Makueni, amemaliza masomo chuo fulani Nairobi, ameletwa kwetu attachment, mafunzo ya kazini, ya miezi mitatu. Mwembamba, mpole, sweta moja ya kijani kila siku. Nilimpa kazi ya kupanga diskette kwenye mkebe wa biskuti.

Akazipanga asubuhi moja. Mchana akaniambia, "Brother Kyalo, naomba nione program yako tu kidogo. Sitagusa."

Nilimwonyesha. Nilitaka aone.

Alisoma mistari yote kimya, kidole kinashuka kwenye karatasi. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasema, "Imeandikwa poa. Lakini mbona hujaiambia hizi vitu ni nini?"

Sikuelewa. Nilijibu kwa sauti ya mtu anayeelewa, "Itajua yenyewe."

"Ndiyo hiyo shida," akasema. "Inajua, lakini inajiuliza kila saa."

Reverend Muli alikuwa mlangoni na soksi zake, akauliza tunabishana nini. Hapo ndipo Ndinda alieleza kitu ambacho mimi na cheti changu nisingeweza kukieleza hivyo.

Alimwambia, "Reverend, fikiria store. Kila gunia ukishika lazima ufungue uangalie, hii ni mahindi ama ni maharagwe? Kila gunia, kila siku, hata lile ulifungua jana. Lakini kama tungeandika juu yake mahindi, si ungebeba tu uende? Kutangaza types ni kuandika juu ya gunia."

Reverend akasema sawa, hiyo ameshika.

"Halafu ya pili. Ile Jumapili mgeni alihubiri na Kizungu, si mkalimani alikuwa anageuza kila sentensi na Kikamba? Ibada ilichukua saa ngapi?"

Reverend akaanza kucheka. "Ilichukua mpaka watoto wakalala!"

"BASIC iko na mkalimani ndani. Kila mstari inageuzwa, hata ukirudiwa mara milioni inageuzwa mara milioni. Ile sehemu nzito tukiiandika ikuwe lugha ya mashine yenyewe, mhubiri anahubiri na Kikamba moja kwa moja."

Reverend alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia, "Sister Ndinda, fanya hiyo. Brother Kyalo atakusaidia."

Atakusaidia. Hilo neno niliondoka nalo mpaka nyumbani. Mke wangu aliniuliza mbona nakula kama nina ugomvi na chakula. Nikamwambia kazini wameleta mtoto anajifanya anajua. Akasema, "Kwani hajui?" Nikasukuma sahani.

Wakuu, niseme wazi kitu kimoja. Sikumtaka yule msichana, sikuwa na shida na wanawake kusoma, dada zangu walikuwa walimu. Shida yangu ilikuwa ndogo na chafu: kitu changu cha pekee alikuwa anakifanya vizuri kuliko mimi, tena bila kutoa jasho.

Hatua ya kwanza alibaki kwenye BASIC ileile, akatangaza types. Mnaojua mtanielewa: zamani usiposema kitu, BASIC ilifanya kila namba iwe ya desimali, hata kama unahesabu kuku. Na ile 386 yetu haikuwa na chip ya desimali, kwa hiyo kila hesabu ilikuwa mateso. Akazifanya nyingi ziwe integer, namba nzima fupi. Namba ya kitambulisho akaipa long, namba ndefu, kwa sababu ina tarakimu nyingi.

Siku mbili na nusu zikashuka zikawa chini ya siku moja. Bila kununua chochote, kwa kuandika tu juu ya magunia.

Hatua ya pili ilikuwa kuchukua sehemu yote nzito, kusoma kadi na kulinganisha, aiandike kwa lugha ya C na kuicompile, yaani kuigeuza yote mara moja iwe lugha ya mashine. Kabla hajaanza aliniuliza swali. Sasa tafadhali someni hapa polepole.

Alikuwa amekaa na penseli sikioni. Akasema, "Brother Kyalo, kadi ya mwisho iko kwa mashine ni namba ngapi?"

Nilijua kwa nini anauliza. Kwenye kozi walitufundisha, ni kitu nilichokishika vizuri: integer fupi kwenye mashine zile mwisho wake ni 32,767. Ukiongeza moja juu yake, haibebi.

Nikajibu, "Elfu thelathini na moja mia tisa."

Ilikuwa kweli.

Akafikiri. "Na kuandikisha iliisha?"

Nikajibu, "Iliisha mwezi jana."

Hiyo pia ilikuwa kweli. Kuandikisha kuliisha. Lakini chini ya meza yangu, karibu na goti langu, kulikuwa na katoni ya kadi za Tseikuru, zimefika Jumamosi na lori, mimi ndiye nimezipokea. Zilikuwa hazijaingizwa kwenye mashine. Zilianzia pale elfu thelathini na moja mia tisa zikaenda mpaka elfu thelathini na nne na kitu.

"Basi namba fupi inatosha," akasema. "Tutaokoa nafasi na itakimbia zaidi."

Nikasema, "Haya, endelea."

Goti langu lilikuwa limegusa ile katoni.

Nilichokuwa nawaza ni hiki, na najua ni upuuzi. Nilijua siku kadi za Tseikuru zitakapoingia, program itasimama. BASIC yangu ukipita mpaka wa integer inasimama palepale na kuandika Overflow, yaani imefurika, kwenye skrini, kila mtu anaona, na nilidhani C nayo ni hivyohivyo. Nilitaka isimame mbele ya Reverend. Nilitaka niseme, "Hebu nione," nikae, nirekebishe neno moja, nisimame. Nilitaka kubaki na kipande changu cha nyama. Sikuwaza njaa ya mtu yeyote, niliwaza aibu ya mtu mmoja, tena kwa dakika kumi tu.

Baada ya wiki mbili Ndinda akamaliza. Akaiwasha tukiwa tumejaa chumbani, viatu lundo mlangoni. Kazi ya siku mbili na nusu ikaisha kwa dakika arobaini. Alikuwa ametafsiri mistari yangu mmoja mmoja bila kubadilisha maana, akalinganisha orodha yake na ya zamani, zikafanana jina kwa jina.

Watu walipiga makofi. Mama wa jikoni alipiga kigelegele na hakujua ni cha nini.

Kesho yake kwenye devotion ya asubuhi, ambapo kila mfanyakazi anaweza kusimama kutoa ushuhuda, Ndinda alisimama. Alimshukuru Mungu, halafu akasema, "Na namshukuru Brother Kyalo kwa sababu aliweka msingi, na amenijibu kila swali."

Afadhali angenitukana.

Mchana ule nikaona kwa macho yangu kile kipande cha nyama kikiingia sahani yake. Na Reverend akamwita Daktari mbele ya wageni. Wiki iliyofuata akampeleka mji wa Wote, kwa wenzetu wa upande wa Makueni, awaonyeshe hiyo program. Alienda na gari la ofisi, amekaa mbele. Mimi katika miaka yote sijawahi kupelekwa popote na gari la ofisi nikiwa nimekaa mbele.

Wiki hiyohiyo tukaingiza kadi za Tseikuru.

Zilipoisha, nilifanya kitu ambacho nikikikumbuka mpaka leo naona haya. Nilimwita Reverend aje aone. Nikamwekea kiti, nikamletea chai na mandazi, nikawasha program ya Ndinda, nikakaa pembeni nikingoja isimame.

Haikusimama.

Dakika tano, kumi, ishirini. Nilikuwa natokwa jasho kwapani. Dakika arobaini na moja ikaandika kwamba imemaliza, salama, hakuna error hata moja. Reverend akaweka kikombe chini, akasema, "Huyu msichana ni baraka ya Mungu kwa hii ofisi."

Mnaojua C mmeshaelewa. BASIC ilikuwa na mtu ndani anayepiga kelele ukipita mpaka. Native code haina huyo mtu, na ndiyo sababu moja inakimbia. Namba ikipita 32,767 haisemi kitu, inageuka kuwa hasi kimyakimya na kuendelea na safari.

Na mimi mwenyewe, zamani, nilikuwa nimeandika mstari mmoja mahali: kadi ikiwa chini ya moja, iruke. Niliuweka kwa ajili ya kadi tupu. Ndinda aliutafsiri kwa heshima zote. Kwa hiyo kadi zote za Tseikuru zilizopita ule mpaka zikawa hasi, na mstari wangu ukazitupa moja baada ya nyingine.

Familia elfu moja na mia nne na zaidi.

Mimi siku ile sikujua. Nilidhani Ndinda amegundua mwenyewe na kurekebisha bila kuniambia, na wivu ukapanda. Nikaprint. Orodha ya Tseikuru ilitoka nyembamba, niliiona kwa mkono kwamba ni nyembamba. Mnajua nilijiambia nini? Nikajiambia watu wa kule wana njaa sana, lazima wengi waliandikisha mara mbili. Nikaipiga stapler.

Lori tatu zikaondoka.

Siku ya tatu Syengo, dereva wa lori la mbele, akarudi. Lori lilikuwa bado limejaa. Alishuka bila kusalimia mtu, akaingia chumba cha kompyuta na viatu vyake vya vumbi, mara ya kwanza mtu kufanya hivyo.

"Kyalo," akasema, wala si Brother, "hiyo karatasi yako ulitoa wapi?"

Alitueleza. Watu walikuwa wamefika uwanja wa kanisa kabla ya jua, na punda, wengine wametembea toka jana. Karani akaanza kusoma majina. Mia nane na kitu wakaitwa, wakachukua. Halafu karatasi ikaisha na uwanja bado umejaa.

Wakauliza. Karani akajibu alivyoelekezwa kujibu: ambaye jina halipo, aliandikisha mara mbili.

"Watu elfu na zaidi wakaambiwa ni wezi," Syengo akasema. "Kwa kanisa lao. Kuna mama mmoja, Mama Kasyoka, kiongozi wa akina mama, ile kanisa yote inamjua. Mzee wa kanisa akamwambia mbele ya watu akae chini, awache kuaibisha kikundi. Akakaa. Hakulia. Alikuwa anaangalia tu hiyo kadi yake."

Akasema walipoanza kugeuza lori, watoto waliokota mahindi yaliyomwagika kwenye mchanga, punje kwa punje.

Ndinda alikuwa amerudi kutoka Wote asubuhi ileile. Alikuwa amesimama pale na sweta yake ya kijani. Alitoa maelezo ya program kwenye faili, akaanza kusoma.

Kisha akauliza bila kuinua macho, "Kadi za Tseikuru zinaanzia ngapi?"

Nikamwambia.

"Na zinaisha?"

Nikamwambia.

Aliinua macho akaniangalia. Sijui kwa muda gani, labda ni kupumua mara mbili tu. Ningeweza kusema hapo. Wakuu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilichofanya ni kuinama na kuokota karatasi ambayo haikuwa imeanguka kwa bahati mbaya, niliiangusha mwenyewe.

Ndinda akamgeukia Reverend. "Ni kosa langu," akasema. "Niliweka namba fupi mahali ya ndefu. Nilifaa kuhakikisha na macho yangu. Ni neno moja tu, nikibadilisha sasa hivi, kwa saa moja orodha iko tayari."

Hakunitaja. Hata kwa jicho.

Reverend alikuwa mtu mwema, lakini siku ile alikuwa amechanganyikiwa. Akasema, "Chakula ya watu si ya kujaribu-jaribu. Hiyo program isiguswe tena. Brother Kyalo, washa ile yako ya zamani."

Attachment yake ikaisha siku hiyo, ikiwa imebaki mwezi. Kulikuwa na fomu ya chuo ya kujazwa, na mimi ndiye nilikuwa msimamizi wake kwa karatasi. Palikuwa na mahali wameuliza kama mwanafunzi ni makini. Nikaandika Average, yaani wa wastani tu. Niliandika kwa mwandiko mzuri.

Mlangoni, akifunga kamba za viatu, alisema bila kelele, "Brother Kyalo, wewe ulijua."

Nikasema, "Nilijua nini?"

Akamaliza kamba, akachukua begi, akaenda stage kupanda gari.

Program yangu ikarudi kwenye kiti chake. Siku ya kwanza ikaenda vizuri. Siku ya pili stima ikapotea, nikaanza upya. Huku nje mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kaskazini, na kila dereva alijua kwamba ule mto wa mchanga wa njiani ukiteremsha maji, lori halivuki kwa majuma. Syengo alikuwa anakuja dirishani kila saa, haulizi kitu, anaangalia skrini, anaondoka.

Mchana wa siku ya tatu stima ikapotea tena.

Iliporudi, nilifunga mlango. Nikatoa diskette ya Ndinda kwenye ule mkebe. Nikatafuta mahali pameandikwa int, nikaweka long. Herufi nne. Nikacompile kwa kufuata maelezo aliyoyaandika yeye kwenye faili, hatua kwa hatua, kama vile alijua kuna mtu atayahitaji. Dakika arobaini na tano, orodha ya Tseikuru ikatoka nene.

Nikampelekea Reverend. Akauliza imekuwaje haraka hivyo.

Nikasema, "Niliboresha kidogo ile yangu."

Alinikumbatia. Akasema, "Nilijua Daktari ni wewe." Na mimi nikajisikia vizuri. Sitawadanganya, nilisikia utamu mpaka kwenye vidole.

Akaniambia niende mwenyewe na lori nikasome majina, ili watu wa Tseikuru waone ofisi imeheshimu. Nilikaa mbele.

Tulivuka ule mto wa mchanga ukiwa bado mkavu. Uwanja ulikuwa umejaa, lakini safari hii walisimama mbali na lori, kama watu walioitwa kituo cha polisi. Nilisoma majina kwa sauti yangu yote. Nilipofika kwa Mama Kasyoka, alikuja polepole, kitambaa kichwani, kadi imekunjwa mara nne. Alipokea gunia, halafu hakuondoka.

"Mwanangu," akasema, "ni nani alituandika wezi?"

Watu wa uwanja wote wakasogea wanisikie.

Nikasema, "Ni msichana mmoja alikuwa attachment, Mama. Tulishamwondoa."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia jina.

Mama Kasyoka akageukia watu wake. Nilidhani atamlaani. Akainua mkono akasema, "Tumwombee huyo mtoto." Wakafunga macho wote, wale elfu na zaidi waliotukanwa, wamesimama juani na magunia miguuni. Akaomba kwa Kikamba, kwa sauti ya mama anayeombea binti yake. Akasema Mungu amsamehe Ndinda, asibebe hii kitu maisha yake yote, apate kazi nyingine, asiogope kujaribu tena.

Mimi nilikuwa na orodha mkononi. Walipomaliza, wote wakaitikia Amina.

Na mimi nikaitikia. Kwa nguvu, ili wanisikie.

Basi wakuu, ni hayo.

Nilikaa kwenye ile ofisi miaka mingine sita, naitwa Daktari. Nyama ilirudi kwenye sahani yangu na sikuwahi kuifurahia, lakini pia sikuwahi kuikataa. Sikumwandikia Ndinda barua. Sikumrekebishia ile fomu. Makueni si mbali, ni mwendo wa kwenda na kurudi siku moja, na sijaenda.

Funzo kwa vijana wa ule uzi wa types: mkitoka kwenye script kwenda native, kumbukeni mmeacha nyuma yule anayepiga kelele mkikosea. Pimeni namba kubwa kuliko mliyoambiwa. Msichukue jibu la mtu mdomoni, nendeni mkaangalie chini ya meza yake.

Funzo la pili ni la wazee wenzangu. Wivu haukunifanya nidanganye hata neno moja siku ile aliponiuliza. Ulinifanya niseme ukweli nusu, nikaona nimebaki msafi. Watu waliolipa ni wale ambao hata sikuwa nawaonea wivu.

Kama kuna aliyewahi kumwona mwenzake kazini akielekea shimoni akanyamaza kwa sababu huyo mwenzake alikuwa anang'aa sana, aandike hapa chini. Matusi nayo nitayasoma, nimeyangojea miaka mingi.

Ila msiniambie nilikuwa kijana. Jana nilipomaliza kusoma uzi wa yule kijana wa script, kabla sijafikiria Tseikuru, kabla sijamfikiria Ndinda, kitu cha kwanza kabisa nilichofanya ni kutafuta kosa kwenye code yake.